Maswali Yenu: TV ni ya HD, Mbona Picha Bado Ina Ukungu?

Safari hii barua na meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinauliza kitu kimoja, TV za HD, yaani high-definition, picha yenye undani zaidi. Nimeona nizijibu kwa pamoja manake ukizisoma unakuta mzizi wake ni ule ule: mtu kashanunua TV, kashatoa hela yake, kafika nyumbani kaiwasha na picha anayoiona sio ile aliyoiona dukani. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu mara nyingi tatizo ni la kurekebisha kwa dakika tano bila kununua chochote, lakini mtu anaishia kununua kingine tena.

Shikamoo kaka. Nimenunua TV ya inchi 43, kwenye boksi imeandikwa Full HD. Ile yetu ya zamani ya chogo ilikuwa inchi 21 na ilionyesha safi tu, lakini hii mpya picha ina ukungu, nyuso za watu kama zimepakwa maji. Mume wangu anasema nimepigwa. Je nimeuziwa feki? – Mama wa wawili

Marahaba mdogo wangu. Usigombane na shemeji kwanza, TV yako inawezekana kabisa ni nzima.

Kioo cha TV kimejaa vidoti vidogo vidogo vinaitwa pikseli. Full HD maana yake kioo kina vidoti 1920 kwenda kulia na 1080 kwenda chini, ukizidisha unapata zaidi ya milioni 2. Sasa picha ya kawaida isiyo ya HD, ile tunayoiita SD, kwenye nchi zilizokuwa zinatumia PAL, mfumo wa zamani wa kurusha TV ya rangi, ina mistari 576 na kila mstari una vidoti 720, jumla kama laki 4 na elfu 14 hivi. Gawanya uone, Full HD ni mara tano kamili. Kwa hiyo ukiiletea hiyo TV yako picha ya SD, inapokea laki nne na kitu lakini ina nafasi milioni mbili za kujaza, inabidi zile zilizobaki izikisie yenyewe kwa kuangalia jirani zake. Ule ukungu unaouona ni hayo makisio. Alafu kioo chako kipya kina eneo karibu mara nne ya kile cha inchi 21, kwa hiyo kila kasoro iliyokuwa imejificha kule kwenye kidogo huku imetanuliwa ikaonekana. Picha haijaharibika, ni ile ile ya siku zote, sema sasa unaiona kwa ukaribu.

Kitu ambacho hakuna anayekueleza dukani ni kwamba HD sio mali ya TV peke yake. Picha inasafiri. Inatoka kwenye chaneli, inaingia kwenye king'amuzi, inapita kwenye waya, ndio inafika kwenye kioo. Hivyo vituo vinne vyote lazima viwe vya HD, kimoja tu kikiwa cha SD basi unachokiona ni SD hata kama TV ni kubwa kama ukuta. Kwa hiyo kabla hujarudi dukani anza kuikagua hiyo safari.

Anza na waya, manake hapo ndipo wengi wamekwama. Nyuma ya king'amuzi angalia kama umechomeka ule waya wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Njano ndio picha, hizo mbili ni sauti, na huo wa njano hauwezi kupitisha HD, haijalishi umenunua wa bei gani. Unatakiwa waya wa HDMI, ule wenye kichwa kimoja bapa. Kuna na ule wa kijani, bluu na nyekundu kwa picha, nao unapitisha HD, ila siku hizi ni nadra kuukuta. Shangazi yangu alikaa zaidi ya mwaka na king'amuzi cha HD na TV ya HD vimeunganishwa kwa waya wa njano kwa sababu fundi aliyekuja kufunga alikuwa na huo mkononi. HDMI ilikuwemo ndani ya boksi la king'amuzi, bado iko kwenye nailoni yake. Siku nilipoibadilisha alikaa kimya kidogo, akasema kumbe nguo ya yule mtangazaji ina darizi. Mwaka mzima alikuwa anaangalia taarifa ya habari ile ile na hajawahi kuiona hiyo darizi.

Ukishaweka HDMI, bonyeza rimoti ya TV uchague HDMI 1 au 2 kutegemea umechomeka wapi, alafu ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya mipangilio ya picha, utakuta imeandikwa 576, 720p, 1080i au 1080p. Vingine vinakuja vimewekwa kwenye 576 toka kiwandani. Weka 1080. Skrini ikiwa nyeusi usishtuke, subiri tu bila kugusa kitu, vingi vinarudi vyenyewe kwenye mpangilio wa mwanzo usipothibitisha.

Baada ya hapo ndio uangalie chaneli. Watoa huduma wengi wanarusha chaneli moja mara mbili, ya SD kwenye namba moja na ya HD kwenye namba nyingine kabisa, na watu wanaendelea kubonyeza namba waliyoizoea. Pitia orodha yote utafute zenye herufi HD kwenye jina. Na hapa kuna mtego: ukibonyeza kitufe cha info kwenye rimoti ya TV itakuandikia 1080 hata kama chaneli ni ya SD, kwa sababu king'amuzi kimeshaitanua kabla ya kuileta, TV inasoma ilicholetewa tu. Kwa hiyo usiamini hiyo namba peke yake.

Ukitaka kuondoa ubishi nyumbani, tafuta video yoyote ya Full HD, iweke kwenye flashi, ichomeke ubavuni mwa TV moja kwa moja. Ikionekana kali kama kioo kilichofutwa basi TV ni nzima na tatizo liko kwenye vile vituo vitatu vya nyuma. Ikiwa na ukungu na hapo, ndio ubebe risiti urudi.

Kaka naomba unitofautishie HD Ready, Full HD, 720p, 1080i na 1080p, kila muuzaji ana maelezo yake. Na hiyo "i" na "p" ni nini? – Mwanafunzi wa ufundi

Swali zuri hili na nitakaa nalo kidogo.

Namba ni idadi ya mistari kutoka juu mpaka chini ya picha. 720 inakwenda na vidoti 1280 kwa upana, 1080 inakwenda na 1920. Zote mbili ni HD halali, umbo ni lile lile la 16 kwa 9.

Herufi inakwambia mistari inachorwaje. "p" picha nzima inachorwa kwa mpigo mmoja, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu mpaka mwisho. "i" inachorwa nusu nusu, kwanza mistari ya 1, 3, 5, 7, alafu raundi inayofuata 2, 4, 6, 8, jicho lako ndio linaziunganisha. Ujanja huu ni wa zamani sana, wa toka enzi za TV za mwanzo, ulisaidia kupata mwendo laini bila kubeba mzigo mkubwa hewani. Kwa hiyo 1080i kila nusu inabeba mistari 540 tu. Kitu kikiwa kimetulia, mandhari, mtangazaji amekaa, inakaribia sana 1080p. Kitu kikikimbia zile nusu mbili hazikutani vizuri, maana mpira umeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, ndio unaona kingo zinakuwa kama meno ya chanuo. TV nzuri inajitahidi kuzirekebisha, TV dhaifu inakuachia hayo meno.

Ndio maana swali la 720p na 1080i ipi bora halina jibu moja. Marekani walipoanza HD, mitandao ya televisheni ya NBC na CBS ilichagua 1080i, lakini ABC, Fox na ESPN wakachukua 720p, na hoja yao kubwa ilikuwa michezo: picha 60 nzima kwa sekunde, hakuna nusu. Piga hesabu utaona mzigo haujatofautiana sana, 720p kwa picha 60 ni vidoti kama milioni 55 kwa sekunde, 1080i ni kama milioni 62. Ni suala la umeamua kuzitumia wapi, kwenye undani wa picha au kwenye mwendo.

Mimi binafsi kwa mpira naichukua 720p nzuri kuliko 1080i iliyobanwa. Na neno kubanwa lina uzito kuliko hizo namba zote. Kila chaneli inakandamizwa kabla ya kurushwa ili nyingi zitoshe kwenye njia moja. Mrushaji akitaka kuingiza chaneli nyingi mno anazibana zaidi, unabaki na jina HD na mistari yote 1080 lakini kwenye majani ya uwanja, kwenye maji, kwenye umati wa mashabiki unaona viboksi viboksi. Hapo sio TV yako wala waya wako, limetokea huko huko linakorushwa na hakuna unachoweza kulifanyia ukiwa nyumbani.

Sasa hilo HD Ready. Lilianza kama alama rasmi Ulaya mwaka 2005, maana yake kioo kina mistari isiyopungua 720 na kina tundu la kupokea HD. Hiyo tu. Halikusema kwamba ndani yake kuna kipokezi cha kukamata chaneli za HD hewani, hapo ndipo watu wengi walipoumia kwa sababu walielewa "iko tayari" kumaanisha haihitaji kitu kingine. Siku hizi ukiliona kwenye TV ndogo lisome hivi: kioo ni cha 720 au kinakaribia hapo. Nyingi ni 1366 kwa 768. Kwa inchi 24 au 32 sio dhambi.

Muuzaji kaniambia nibadilishe antena ya juu ya nyumba ninunue "antena ya HD", na waya wa HDMI nichukue wa dhahabu maana ndio unatoa rangi kali. Ni kweli? – Baba mwenye nyumba

Hapana, na hapana.

Antena haijui HD. Antena ni vyuma vinavyokamata mawimbi ya masafa fulani, basi, kilichobebwa ndani ya hayo mawimbi hakiihusu. Kama antena yako ya zamani ni ya masafa yale yale yanayotumika kurushia dijitali kwenu, mara nyingi UHF, na haijaoza wala kupinda, inafaa. Kinachoandikwa HD pale ni boksi la kuuzia.

Ila kuna tofauti moja ya kuijua. Zamani kwenye analojia mawimbi yakidhoofika ulikuwa unaona chenga, zinaongezeka pole pole, ukivumilia unaendelea kuangalia. Dijitali haina huruma hiyo. Inakuwa safi, safi, safi, alafu ghafla inaganda viboksi, sauti inakatika, kisha hakuna kitu. Kwa hiyo TV ikiganda ganda usikimbilie kulaumu HD, angalia kwanza antena imegeukia mnara? Waya wake umeingia maji pale kwenye kiungo? Kuna mti umekua mbele yake? King'amuzi kina ukurasa wa kuonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, ufungue mtu mmoja akiwa anausoma na mwingine yuko juu anazungusha taratibu. Angalieni zaidi ubora, nguvu peke yake inadanganya.

Na hiyo dhahabu kwenye HDMI inazuia kutu kwenye kichwa cha waya, ni kitu kizuri kama unakaa sehemu yenye unyevu. Rangi haiongezi hata chembe. Kinachopita mle ni namba, ama zimefika ama hazikufika, na zisipofika utaona nukta zinametameta au skrini inazima na kuwaka, huwezi kupata picha yenye "rangi hafifu" kwa sababu ya waya. Kwa mita moja mbili tatu waya wowote mzima unatosha. Ukienda zaidi ya mita 10 ndio uanze kuchagua kwa makini.

Shikamoo kaka. TV yangu ina king'amuzi cha ndani kwa ndani na inakamata chaneli kadhaa, lakini jirani mwenye king'amuzi cha pembeni anapata chaneli za HD ambazo mimi sizioni, na moja kwangu inatoa sauti tu picha hakuna. Antena zetu ni sawa. – Dada wa ghorofa ya pili

Marahaba. Hapa tatizo ni lugha. TV yako haielewi lugha inayozungumzwa.

Kuna lugha mbili za kujua. Ya kwanza ni namna mawimbi yanavyorushwa. Nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Asia zinatumia DVB-T au mdogo wake DVB-T2, ambayo viwango vyake vilitoka 2009 na inabeba mzigo mkubwa zaidi kwenye njia ile ile ndio maana HD nyingi ziko humo. Marekani wana ATSC, Japani wana ISDB-T. Kipokezi cha T2 kinasoma na T ya zamani, ila cha T hakisomi T2 hata ukiomba. Kwa hiyo zile chaneli usizoziona kabisa pengine ziko kwenye T2 na TV yako ni ya T.

Ya pili ni namna picha ilivyokandamizwa. Kulikuwa na MPEG-2, ikaja H.264 mwaka 2003 ndio ikaifanya HD iwezekane kwa wengi, alafu H.265 mwaka 2013 ambayo inabana zaidi. Unaweza kuwa na kipokezi kinachokamata mawimbi vizuri lakini hakijui kukamua hiyo picha, ndio unapata sauti bila picha. Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye hiyo chaneli yako moja.

Sio wewe tu. Ujerumani mwaka 2017 walihamia DVB-T2 na H.265 kwa pamoja na vipokezi vingi vilivyokuwa vizuri kabisa siku moja kabla vikawa havina kazi. Kwa hiyo usinunue TV nyingine. Nunua king'amuzi cha nje kinachosoma T2 na H.265, chomeka kwa HDMI, kioo chako kitaendelea kufanya kazi yake. Na mwingine yeyote anayetaka kununua TV leo, soma karatasi ya sifa zake, maneno hayo mawili yawepo kabla hujauliza inchi ngapi.

Mimi sina dishi wala antena, naangalia kwa intaneti tu. Nahitaji spidi gani kwa HD na bando linaenda kiasi gani? – Kijana wa chumba kimoja

Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, ile yenye vidoti mara nne ya Full HD. Weka akiba juu yake kama mko wengi kwenye laini moja. Angalia ni megabiti, sio megabaiti, megabaiti moja ni megabiti 8, hapo watu wanachanganyikiwa sana. Ukiangalia kwa megabiti 5 mfululizo kwa saa nzima ni kama gigabaiti 2 na robo. Filamu ya saa mbili jiandae na gigabaiti 4 na nusu hivi, japo app nyingi zinapanda na kushuka zenyewe kutegemea laini. Ndio maana unaona dakika za mwanzo picha ina ukungu alafu inakaa sawa, inapima njia kwanza.

Kama bando ni la kuhesabu, ingia kwenye mipangilio ya app uifunge kwenye 720p. Kwenye kioo cha inchi 32 sidhani kama utaona umepoteza kitu.

Kama laini ni nzuri na bado inakwama, mara nyingi ni Wi-Fi inayopita kuta mbili tatu. Vuta waya wa mtandao toka kwenye rauta mpaka kwenye TV uone. Na kama unatumia kompyuta kwa HDMI na video inagoma kuwa HD au inatoa skrini nyeusi kwenye app za kulipia, shuku kiunganishi chochote ulichoweka kati ya kompyuta na TV. Hizo app zinadai kila kifaa njiani kiwe na ulinzi unaoitwa HDCP, kimoja kikikosa zinashusha ubora au zinakataa kabisa.

Mwanangu, watu wote kwenye TV mpya wamenenepa, na mpira nikiangalia matokeo pale juu pembeni yamekatwa nusu. Mjukuu kasema ni TV mbovu. – Babu mpenzi wa mpira

Shikamoo babu. TV sio mbovu, inafanya mambo mawili ambayo hakuna aliyeiomba.

Kunenepa: vipindi vya zamani vilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, karibu mraba, na kioo chako ni 16 kwa 9. Mtu ameweka TV ivute picha mpaka ijae. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha umbo la picha, weka 4:3 kwa vipindi hivyo au weka ijichagulie yenyewe. Utaona michirizi meusi kulia na kushoto, iache, ndio picha ilivyo. Kuna watu hawawezi kuvumilia hiyo michirizi wanaona kioo kimepotea bure, mimi siwezi kuvumilia kuona uso wa mtu umevutwa.

Matokeo kukatwa: TV nyingi bado zina tabia ya enzi za chogo ya kukuza picha kidogo na kukata kingo. Enzi hizo ilikuwa na sababu kwani kingo zilikuwa na takataka, kwa HD haina sababu yoyote, na ubaya wake sio matokeo tu, ukikuza picha hata kidogo vidoti havikai tena kimoja juu ya kimoja, ukali wote uliolipia unapungua. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha tafuta maneno kama "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", kila chapa na jina lake. Mwambie mjukuu aiwashe.

Na akiwa humo humo amalizie na haya. TV inatoka kiwandani kwenye hali ya kung'aa sana, "Vivid" au "Dynamic", iliyotengenezwa ishindane na taa za dukani. Nyumbani inaumiza macho na majani ya uwanja yanakuwa kijani cha ajabu. Aweke "Standard" au "Movie". Alafu ile ya "Sharpness" aishushe karibu na chini kabisa, haiongezi undani wowote, inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu.

Umekaa mbali kiasi gani na TV? Kipimo cha HD ni kukaa kama mara tatu ya kimo cha kioo. Inchi 32 kimo chake ni sentimita 40, kwa hiyo mita 1 na robo hivi. Inchi 43 ni mita 1.6, inchi 55 ni mita 2. Ukikaa mara sita ya kimo cha kioo au zaidi jicho haliwezi kutofautisha HD na SD, hata jicho la kijana. Sogeza kiti babu, kioo hiki cha sasa hakina madhara ya kukaribia kama tulivyokuwa tunatishwa na mama zetu.

Hili neno HD lilianza lini? Tuna ubishi kazini. – Wafanyakazi wa zamu ya usiku

Mtashangaa. BBC walipoanza matangazo yao ya kudumu kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, waliyaita ya ubora wa juu, high-definition kabisa, na yalikuwa yanapokezana kati ya mtambo wa mistari 240 na wa mistari 405. Kwa wakati ule ilikuwa haki yao, manake matangazo yao yaliyotangulia yalikuwa na mistari 30 tu. Baada ya vita kuu ya pili Ufaransa wakapanda mpaka mistari 819.

HD hii yetu ya sasa ilianzia Japani. Shirika la NHK lilianza utafiti baada ya Olimpiki za Tokyo za 1964, wakaja na mfumo wa mistari 1125, na 1989 wakaanza kuurusha kila siku kwa majaribio kupitia setilaiti. Lakini ulikuwa wa analojia. Wamarekani walichelewa ila wakaja na wa dijitali moja kwa moja, na tarehe 29 Oktoba 1998 vituo kadhaa kote nchini vikarusha kwa HD safari ya mwanaanga wao mzee John Glenn akirudi angani akiwa na miaka 77. Kwa hiyo wote kwenye hiyo zamu mna kipande cha haki.

Kaka, TV yetu ya chogo ni ya marehemu mume wangu na sitaki kuitoa. Wanangu wanasema nitakosa kila kitu maana dunia imehamia HD. Nifanyeje? – Mjane

Pole sana dada. Usiitoe.

Chukua king'amuzi cha HD cha kawaida ila kabla hujalipa hakikisha nyuma kina tundu la AV, zile rangi tatu au tundu moja dogo la duara lenye waya wake wa kugawanya, kwani vipya vingine vina HDMI peke yake. Hapo ule waya wa njano niliousema vibaya kule juu ndio unaoutaka. King'amuzi chenyewe kitaishusha picha ya HD iingie kwenye TV yako, hutaiona kwa undani wa HD lakini chaneli zote utazipata, na picha ya HD iliyoshushwa kwenye kioo cha chogo huwa inapendeza sana, wengi hawajui. Kwenye menyu ya king'amuzi weka umbo la TV 4:3, alafu utaulizwa kati ya kukata pembeni au kuweka michirizi meusi juu na chini. Chagua michirizi, ili maandishi ya pembeni yasikatwe. Na kama TV haina hata matundu ya rangi, ina la antena tu, kuna kiboksi kidogo kinaitwa moduleta kinakaa katikati, king'amuzi kinaingia kwake, yeye anatoka na waya wa antena, unaitafutia chaneli kama zamani ulivyokuwa unatafuta deki ya video.